Land Rover za Kwanza na Matunzo Yake

Mnamo mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover nchini Uingereza, alibuni gari la kazi za shambani. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, lakini chesisi ilibaki ya chuma. Miaka iliyofuata, wamisionari na wachungaji wa Tanganyika walilitumia kuifikia mitaa ya mbali.

Uamuzi huo wa mwanzo ndio umwongozao mtunzaji hata leo. Bodi haishiki kutu, hivyo gari huweza kuonekana zima, kumbe chesisi yake, yenye uwazi ndani, inaliwa taratibu. Mtunzaji mwangalifu huigonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito. Huondoa matope, huzibua matundu ya kutolea maji, na hukagua oili ya giaboksi na mafuta ya breki. Kamwe haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Yaliyosalia yanadumu kwa mikono ya wanaoyatunza. Kweli wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.