Vidonge vya Mjukuu

Mwezi uliopita, jioni, mjukuu wangu alinikuta barazani kwangu hapa Babati, akaweka pakiti ya vidonge mezani na kusema, "Babu, nimechoka. Fuvu walishalifungua, uvimbe wakautoa, na mwaka wa pili huu unakwisha sijaanguka. Hivi vya nini tena?"

Kazi yake ilikuwa bodaboda. Tangu kifafa kilipomwanza, kabla hajapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa kichwa, pikipiki yake inaendeshwa na mwenzake, naye kila siku anaiona ikipita na abiria. Nilimwelewa. Hata hivyo sikumjibu upesi, kwa sababu swali kama hilo niliwahi kulijibu upesi zamani, nikalijibu vibaya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu ambacho sina haja ya kukitaja. Mwanachuo mmoja, kijana mpole ambaye mwandiko wake wa ubaoni uliwashinda hata wakufunzi wake, alikuwa akimeza fenobabitali kila usiku. Mwaka mzima wa kwanza hakuanguka hata mara moja. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kuwa miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na dawa ilikuwa adimu kuliko sabuni. Vidonge vyake vilipokwisha alikuja ofisini kuomba ruhusa ya kwenda mjini kutafuta vingine. Nikamwambia, kwa sauti ile ya mkuu wa chuo: "Wewe umeshapona, kijana. Mazoezi ya kufundisha yamekaribia. Acha kujifanya mgonjwa."

Siku ya tano akaanguka mbele ya watoto wa darasa la tatu, na kabla fahamu hazijamrudia akaanza tena, na tena. Aliokoka. Lakini kumbukumbu yake haikurudi kama ilivyokuwa, ualimu ukamshinda, na mimi ndiye niliyetia saini barua ya kumwondoa chuoni.

Laiti ningalikuwa najua habari za Mahenge! Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika Tanganyika mwaka 1959, na huko Mahenge, wilayani Ulanga, akakuta watu wengi wenye kifafa. Walitengwa, wakalishwa kwa vyombo vyao peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate yao. Mgonjwa akiangukia motoni, wapo waliosita kumshika, na ndiyo maana wengi walikuwa na makovu ya moto. Alianzisha kliniki, akawapa fenobabitali, dawa ya bei ndogo ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kuwa inazuia kifafa. Wengi walitulia, na baadhi wakaacha kabisa kuanguka.

Shida ya dawa hii ni kwamba inatuliza bila kuponya. Ubongo huizoea, ukajipanga kuishi nayo. Ukiiondoa ghafla, ni kama kukata kamba ya mkokoteni uliopakiwa mahindi, tena mteremkoni. Kifafa hurudi, na aghalabu hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mara nyingine mfululizo bila kukatika, na hapo ndipo mtu hufa. Mwaka 1992 Jilek-Aall na mwenzake Rwiza walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wameshafariki, na vingi vya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: mfululizo usiokatika, moto, maji. Siku niliyosoma habari hizo sikula chakula cha jioni.

Basi kuhusu kupasuliwa. Watu hudhani kisu kikishapita, dawa nayo imekwisha kazi. Mwezi Mei mwaka 1886, mjini London, Victor Horsley alimpasua kijana wa miaka 22 aliyegongwa na gari la farasi utotoni. Aliondoa kovu kwenye ubongo, maana kovu hilo ndilo lililokuwa likileta kifafa. Ila kisu cha mpasuaji nacho huacha kovu lake. Ndiyo sababu aliyekuwa akianguka kabla ya kupasuliwa huendelea na dawa baada yake kwa miezi au miaka, mpaka daktari aridhike.

Hata hivyo mjukuu hakuuliza upuuzi. Mwaka 1991 Waingereza walitangaza uchunguzi wa watu 1,013 waliokuwa hawajaanguka kwa miaka 2 au zaidi. Hawakuwa watu wa kupasuliwa kama yeye, lakini hesabu inafundisha. Baada ya miaka mingine 2, kati ya kila 100 walioendelea na dawa, 78 walikuwa hawajaanguka. Kati ya kila 100 waliopunguziwa polepole hadi kuacha, ni 59. Yaani hatari ipo hata kwa utaratibu mzuri, na wengi bado walisalimika. Nilimsomea hesabu zote mbili bila kumficha ile mbaya. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi twende tukamwulize daktari, Babu."

Tulikwenda. Daktari alitazama picha za kichwa, akauliza maswali mengi, akakubali kuanza. Mjukuu anameza kabamazepini vidonge vinne kwa siku, kila kimoja miligramu 200. Kinaondolewa kimoja, tunangoja majuma sita, ndipo kingine. Akianguka hata mara moja, tunarudi kwa daktari siku hiyohiyo. Muda wote huo hakuna pikipiki, hakuna kuogelea Ziwa Babati, wala kukaa peke yake jikoni penye moto. Na pikipiki isubiri miezi mingine baada ya kidonge cha mwisho. Hapo alikasirika, akanitazama mimi badala ya daktari.

Ratiba nimeiandika nyuma ya kalenda, kwa mwandiko wa ubaoni, nikaibandika ukutani karibu na mlango. Jana tulikata mstari wa kwanza. Pikipiki ilipita barabarani na abiria wawili, akaisikiliza mpaka ikaishia, kisha akameza vidonge vyake viwili vya jioni.