Bote ya mpira na matope ya Kivu

Bandugu, sisi watu wa Muhumba tunasema "Labotte" kila siku, tukionyesha ile rasi ya hapa jirani inayoingia ziwani, na hatukumbuki kwamba kwa Kifaransa jina hilo ni bote. Mimi nilikumbuka juzi, wakati mpango wa kupanda Kahuzi ulileta vita ya viatu kwenye grupe yetu. Mmoja alituma picha ya buti za ngozi za Ulaya, bei yake mshahara wa miezi miwili (kwa yule aliye na mshahara). Mwingine akauliza kama baskets zinatosha. Mkubwa wetu mmoja akaandika neno moja tu: "Bote." Watu wakacheka sana. Naandika ju ya kumtetea, na nitapitia historia, ju njo kitu nilisomea.

Tuanze na mguu mtupu. Funza, yule mdudu anayeingia chini ya kucha, si mwenyeji wa hapa. Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, kisha akavuka bara lote pamoja na misafara. Kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Hakuhitaji gari wala mashua, alibebwa na vidole vya wapagazi. Katika vita ya 1914-1918, jeshi la Wabelgiji lilitoka huku kwetu Kivu, likapita Rwanda na kuingia Tabora Septemba 1916. Wapagazi Wakongomani wa vita hiyo walikuwa zaidi ya 200 000. Viatu vilikuwa vya maofisa wazungu, mizigo ilikuwa ya watu wa miguu mitupu. Kwa hiyo mtu akisema "babu zetu walitembea bila viatu na hawakuwa na shida", tumuulize alihesabu vidole vya nani.

Na bote yenyewe? Goodyear, Mmarekani, alipata njia ya kupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Mwaka 1853 Mmarekani mwingine, Hutchinson, akafungua kiwanda Ufaransa na kutengenezea wakulima bote za mpira. Mkulima aliyezoea kiatu cha mti akarudi nyumbani na miguu mikavu. Lakini mpira ulitoka wapi? Kwa miaka mingi, sehemu yake ilitoka kwenye kamba za msitu wa Kongo ya Leopold II, hasa kule Équateur, na tunajua ulilipwa kwa mikono ya watu. Sisemi kiwanda kile kilinunua mpira wetu. Nasema tu kwamba mpira uliwakausha wengine miguu miaka mingi kabla ya kufika kwenye miguu yetu.

Ile buti ya ngozi tuliyotumiwa picha ina kilio chake pia. Mwaka 1935, wapandaji sita walikufa katika Alpes za Italia, wakiwa na viatu visivyofaa kwa baridi na barafu. Mwenzao Vitale Bramani akatafuta suluhisho, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, ile Vibram tunayoiona leo. Ni kazi nzuri sana, sitaidharau. Lakini ilizaliwa kwa ajili ya mwamba na theluji, si kwa udongo wetu mwekundu, unaojaza yale meno kwa hatua kumi tu na kuacha soli laini kama sahani.

Kahuzi iko na mita 3308, na njia yake ni mianzi, vinamasi, mizizi na mvua. Wabatwa waliujua msitu huo kabla ya Adrien Deschryver kupigania Parc, ambayo ilianzishwa 1970. Wao njo walimwonyesha njia za ngorila, na wao njo walitolewa msituni. Leo angalia miguu ya wapiga njia: bote.

Halafu 1996. Kadogo wa AFDL walitoka huku Mashariki, na tarehe 17 Mei 1997 wakaingia Kinshasa, wengi na bote za mpira miguuni. Watu wa Kinshasa walishangaa. Sisi hatukushangaa. Wakati huohuo, wakimbizi walikuwa wanavuka msitu uleule kuelekea Tingi-Tingi, wengi bila kiatu chochote. Uliza nyumbani kwenu, mara nyingi kuna mtu anayekumbuka.

Sasa, ukienda kununua pale Kadutu, nenda jioni, ju mguu umevimba kidogo. Vaa soksi mbili, ndani nyepesi, nje ya sufu. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino, vidole vya mguu visiguse mbele, maana kwenye mteremko njo kucha zinakufa. Bote ina ubaya wake: haishiki kifundo, na inatoa jasho. Mwenye kifundo kibovu achukue ngozi ndefu, tayari imekwisha kuvaliwa wiki mbili kwenye mipando ya Bukavu, si mpya kutoka kwenye karto. Wengine wote, bote, na jozi moja ya soksi kavu ndani ya sachet.

Mkubwa, samahani kwa kicheko.