Maradhi na Mauti Katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Utangulizi

Mtu anapofariki Unguja au Pemba, habari husambaa upesi. Majirani huacha kazi zao, sanda hutafutwa, kaburi huchimbwa, na ikiwezekana maiti huzikwa siku hiyo hiyo. Watu wanapokusanyika barazani kwa wafiwa, huuliza mambo mawili: maziko ni saa ngapi, na marehemu alikuwa akiumwa nini. Kila aliyepo anaamini kwamba ahadi ya marehemu imefika. Hata hivyo, imani hiyo haimzuii mtu kuuliza, wala haimzuii mfiwa kujibu. Hutajwa homa, hutajwa presha, hutajwa uzazi, hutajwa bahari.

Lugha yetu yenyewe imeyahifadhi mawazo haya mawili pamoja. Neno ajali, ambalo leo tunalitumia kwa gari lililopinduka, asili yake ni muda aliopangiwa mtu kuishi. Na neno sababu linafuatana nalo kila mara, kwa kuwa wazee wetu husema kwamba mauti hayakosi sababu. Kwa hiyo, kuchunguza sababu za vifo si jambo lililoletwa na wageni, wala si kupingana na majaaliwa. Ni sehemu ya utamaduni wetu.

Katika makala haya tunakusudia kulichukua swali hilo la matangani na kuliuliza juu ya nchi nzima. Zanzibar ilikuwa nchi peke yake hadi Aprili 1964, ilipoungana na Tanganyika, na hata sasa mambo ya afya si ya Muungano, bali yanasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Je, katika karne mbili zilizopita watu wa visiwa hivi walikufa kwa maradhi gani? Kwa nini baadhi ya maradhi hayo yalitoweka, mengine yakapungua, na mengine yakaondoka kisha yakarudi? Tutaonyesha kwamba vifo vilipungua kila mara umma ulipoziba mlango vilimopitia, na kwamba mlango ulioachwa bila mlinzi ulifunguka tena.

Majina ya maradhi

Historia ya vifo vya visiwani haikuandikwa vitabuni peke yake. Sehemu yake imo katika majina. Ndui, tauni, kipindupindu, safura, matende, kichocho, kifua kikuu: kila jina ni kumbukumbu ya mateso yaliyoonwa na watu wengi hata yakahitaji kuitwa kwa namna moja. Kipindupindu kinaeleza jinsi mgonjwa anavyopindwapindwa na maumivu. Safura ni hali ya mtu aliyepauka na kuishiwa nguvu, na leo twajua kwamba mara nyingi hutokana na minyoo inayonyonya damu.

Jina moja limesafiri mbali. Mwaka 1870 palizuka Unguja homa yenye maumivu makali ya viungo, na wenyeji waliitambua mara moja, kwa kuwa wazee walikwisha kuiona zamani. Waliiita kidinga pepo. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini wakati huo, aliliandika jina hilo, na wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba huenda ndilo asili ya jina la homa ya dengi linalotumika leo duniani kote.

Lakini jina linaweza pia kuficha. Degedege la watoto lilidhaniwa na wengi kuwa kazi ya shetani mwenye umbo la ndege, apitaye usiku juu ya mtoto aliyelala. Mtoto akakamaapo na kugeuza macho, alipelekwa kwa mganga, na wengine waliogopa kwamba akipigwa sindano atakufa. Sasa inajulikana kwamba degedege la homa kali aghalabu lilikuwa malaria iliyofika kwenye ubongo, na kwamba kila saa iliyopotea njiani iliyapunguza matumaini ya kumwokoa. Waliotoa jina hilo waliuona ugonjwa barabara, ila hawakuwa na njia ya kuiona sababu yake.

Mauti yaliyoingia kwa bandari

Utajiri wa Unguja katika karne ya 19 uliletwa na bahari. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba pembe na karafuu. Misafara ya bara nayo iliishia katika bandari za mrima, na kutoka huko bidhaa na watumwa walivushwa hadi Unguja. Njia hizo hizo zilibeba maradhi. Kipindupindu kilipiga visiwa katika miaka ya 1830, kikarudi mwaka 1858 na 1859, kisha kikaja kwa ukali mkubwa mwaka 1869 na 1870.

Christie aliifuatilia njia ya ugonjwa huo wa mwisho, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu yake. Kwa mujibu wa uchunguzi wake, ugonjwa ulisambaa kutoka Maka baada ya hija ya miaka ya 1860, ukavuka bahari, ukapita nchi za Wasomali na Wamasai pamoja na wasafiri na wafanyabiashara, ukafika Pangani, na mwezi Novemba 1869 ukaingia Unguja. Kutoka hapo ulichukuliwa na vyombo hadi Kilwa na Komoro, na ukaingia tena bara pamoja na misafara. Bandari iliyokuwa kiungo cha biashara ya nusu ya Afrika ikawa pia kiungo cha mauti yake.

Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu, lakini mauti hayakugawanyika sawasawa. Watu wa mji walikunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi. Walioumia zaidi walikuwa watumwa na maskini, waliosongamana vibandani na kukosa chakula cha kutosha. Wengi wao hawakuandikwa popote. Yafaa ikumbukwe kwamba wapo watu wa nchi hii ambao hatujui majina yao, makabila yao, wala mahali walipozikwa, na ambao idadi yao tunaikisia tu.

Sultani Barghash bin Said alitawala tangu Oktoba 1870, mara tu baada ya msiba huo. Katika utawala wake aliagiza maji ya chemchemi yaletwe kwa mabomba mpaka mjini. Watu humsifu kwa majumba yake, hasa Beit al-Ajaib. Sisi tunaona kwamba mabomba yale yana haki ya sifa kubwa zaidi, kwa kuwa jumba lilionyesha enzi, lakini maji yaliokoa roho. Baadaye kisiwa cha Changuu, kilichojengwa jela katika miaka ya 1890, kilitumika kuwa karantini ya abiria waliotoka katika bandari zenye maradhi. Hivyo mlango wa bahari ulianza kupata bawabu.

Ndui nayo ilizuiwa kwa chanjo, hatua kwa hatua. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977, katika pwani hii hii ya Afrika ya Mashariki. Na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Kipindupindu hakikwisha. Kilirejea Zanzibar mwaka 1978, kikaendelea kuzuka mara kwa mara, hasa katika masika ambapo maji ya mvua huchanganyika na uchafu wa vyoo na kuingia visimani. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, ikaonekana kuwa na manufaa hata kwa majirani wasiochanjwa. Hata hivyo, katika mlipuko wa 2015 na 2016 waliugua zaidi ya watu 4,000. Chanjo husaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi.

Homa iliyoondoka na kurudi

Katika maradhi yote ya visiwani, malaria ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Haikuwa na kishindo cha kipindupindu. Iliua polepole, mwaka baada ya mwaka, na hasa iliwachukua watoto wadogo na wajawazito. Kwa kuwa ilikuwa ya kila siku, watu waliizoea.

Kuanzia mwaka 1958 hadi 1968 Zanzibar iliendesha mpango wa kutokomeza malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nyumba zilipigwa dawa ya kuua mbu, ikiwemo DDT, na damu za watu zilipimwa. Mwanzoni watu wengi walikutwa na vijidudu vya malaria. Mwishoni walikuwa chini ya asilimia 5. Ushindi ulikaribia. Lakini mwaka 1968 kazi ilisimamishwa, na mbu hawakusimama. Baada ya miaka michache malaria ilirudi, tena ikawakuta watoto waliozaliwa wakati wa nafuu, ambao miili yao haikupata kuizoea. Katika miaka ya 1980 dawa ya kupiga majumbani ilijaribiwa tena, lakini safari hii mbu wengi walikwisha kuizoea DDT, na mafanikio yalikuwa haba. Kabla ya karne kwisha klorokwini nayo ilikuwa imeanza kushindwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliujenga ukuta huo kwa muda wa miaka 35.

Mwaka 2003 dawa za mseto zilichukua nafasi ya klorokwini. Mwaka 2006 vyandarua vilivyotiwa dawa viligawiwa kwa wingi, na nyumba zikapigwa dawa ya aina nyingine. Katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban nusu kati ya 2002 na 2005, hata kabla ya hatua zote kukamilika. Baada ya miaka michache, waliokutwa na malaria katika visiwa vyote hawakufika asilimia 1.

Pemba nayo iliifundisha dunia jambo. Utafiti uliofanyika huko na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wote vidonge vya madini ya chuma, mahali penye malaria nyingi, kulizidisha hatari ya kulazwa na kufa, ingawa nia ilikuwa kuwaongezea damu. Wataalamu wa nchi nyingi walilazimika kuyafikiria upya maagizo yao.

Je, mlango umefungwa? La. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa wa malaria waliongezeka tena visiwani. Wasafiri huvuka bahari kila siku, na vijidudu huvuka nao. Malaria ya Zanzibar haikufa, imezuiwa.

Bahari na chakula chake

Visiwa vina vifo vyake maalumu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengi zaidi hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe. Bahari ni amri ya Mungu, lakini idadi ya abiria melini ni amri ya binadamu.

Kuna pia kifo kinachotoka chunguni. Nyama ya kasa hupendwa na baadhi ya watu wa pwani, lakini mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kuila, na Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja. Mila ya chakula ni hazina, lakini mila inayowaua watoto haina budi kuachwa.

Maradhi ya leo

Kupungua kwa vifo vya watoto kumeibadilisha nchi. Katika hesabu ya mwaka 1958 Zanzibar ilikuwa na watu 299,111. Katika sensa ya 2022 walikuwa 1,889,773, yaani zaidi ya mara sita. Ukimwi, uliotambuliwa visiwani mwaka 1986, haukuenea kama katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Lakini watu wanaoishi zaidi hupata maradhi ya umri. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi sasa ndiyo majina yanayosikika matangani. Takriban mtu mzima mmoja katika kila watatu ana shinikizo la damu, na wengi hawajui mpaka waanguke. Maradhi haya hayakuja na jahazi. Yanatokana na chumvi, mafuta, sukari na kukaa bila kazi za mwili. Hapa ndipo methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua inapopata maana mpya, maana safari hii mgonjwa mwenyewe hujificha asipimwe.

Hitimisho

Kwa ufupi, mauti hayazuiliki, lakini vifo vingi vya mapema vinazuilika. Maji ya bomba, chanjo, dawa za majumbani na vyandarua vimeokoa watu wengi kuliko uhodari wa tabibu yeyote mmoja, na vyote vilihitaji umma kukubaliana na kuendelea. Kosa letu kubwa halikuwa kukosa maarifa, bali kuyaacha maarifa yalipokaribia kuzaa matunda.

Kwa hiyo yafaa kila kifo, cha hospitali na cha nyumbani, cha mzee na cha mtoto wa siku moja, kiandikwe pamoja na sababu yake. Jibu linalotolewa barazani lisiishie barazani. Lifike kwa sheha, liingie katika daftari, na lirudi kwa wananchi likiwa onyo. Watumwa waliokufa mwaka 1870 hawakuandikwa, na hatuwezi tena kujifunza kila ambacho vifo vyao vingeweza kutufundisha. Deni hilo tusiwaachie wajukuu wetu.