Picha ya Kanisa la Karema

Mpiga picha aingiaye kanisa la zamani hupambana kwanza na giza. Huiweka kamera juu ya miguu mitatu, akaacha jicho lake wazi kwa kitambo, mpaka nguzo, matao na madhabahu vionekane. Kitu kisichotikisika hubaki. Mtu apitaye hupotea asiache hata kivuli. Ndiyo kawaida ya chombo, wala hakuna wa kulaumiwa, lakini kwa historia ni hasara.

Hasara hiyo ni kubwa hasa Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Mahali hapo palianza kuwa ngome: Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliijenga mwaka 1879 kwa niaba ya chama alichokiasisi Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 walikabidhiwa Mapadre Weupe, na penye bunduki pakawa misheni. Toka 1953 hata 1969 Karema lilikuwa jina la jimbo zima la Kanisa. Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000.

Kuta na matao vyatosha kujieleza. Maelezo ya chini ya picha yafaa yawataje watu, na kwanza Adriano Atiman. Alizaliwa nchi ya mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na tabibu, akiwaganga wagonjwa na kufundisha dini, hadi alipofariki mwaka 1956. Alidumu katika kazi hiyo miaka 67.