Ukristo katika Mkoa wa Singida

Miongoni mwa Wanyaturu na Wanyiramba, Ukristo ulienezwa hasa na Walutheri na Wakatoliki. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye nafasi yao ilichukuliwa na Sinodi ya Augustana ya Marekani, iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kiswidi. Matunda ya kazi hiyo ni Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na hospitali za Kiomboi na Iambi. Jimbo Katoliki la Singida liliundwa mwaka 1972.

Kwa Walutheri, mtu huingia kanisani kwa ubatizo, mara nyingi akiwa mtoto mchanga. Akikua huhudhuria mafundisho ya kipaimara, hujifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, kisha hukaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Wapentekoste, kwa upande wao, hudai toba ya mtu mwenyewe na ubatizo wa maji mengi, na hapo ndipo mabishano ya wokovu huwaka.

Maisha ya kumpendeza Mungu hupimwa hadharani zaidi kuliko vitabu vinavyokiri. Wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisani huzuiwa kushiriki Chakula cha Bwana hadi watubu na ndoa ibarikiwe. Shukrani nayo huonekana: msimu wa mavuno, uwele, mtama, alizeti na kuku waliofungwa miguu hufikishwa madhabahuni, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Jogoo mmoja huweza kununuliwa, kurudishwa na kunadiwa tena.