Ufalme wa Kongo ndani ya ordinatere ya zamani

Mwaka wa 2005, kampuni ya Marekani iitwayo Firaxis ilitoa Civilization IV, mchezo wa ordinatere ambamo mchezaji anaongoza taifa tangu enzi za kale hadi enzi za vyombo vya angani. Wimbo wake wa kufungulia unaimbwa kwa Kiswahili: ni sala ya Baba Yetu, iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye michezo ya namna hiyo.

Lugha yetu ilikuwa mlangoni, lakini Kongo haikuwa nyumbani. Kusini mwa Sahara kulikuwa na Mali tu. Wazulu waliongezwa mwaka wa 2006, Ethiopia mwaka wa 2007. Ureno nayo iliingia 2007, bila ufalme ambao wafalme wake waliandikiana barua nayo.

Walioiingiza Kongo ni wachezaji wenyewe. Firaxis iliandika kanuni za mchezo katika mafaili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyabadili, na mwaka wa 2006 ikatoa hata sehemu kubwa ya programu ya ndani. Hapo zikazaliwa modi, yaani mabadiliko yanayotengenezwa na wapenzi wa mchezo. Gabriele Trovato alitengeneza Rhye's and Fall of Civilization, ambamo kila taifa linatokea mahali pake na wakati wake kwenye ramani ya dunia. Juu yake ikajengwa nyingine, Dawn of Civilization, na humo Kongo ikapata nafasi yake.

Nafasi hiyo ina uchungu wake. Moja ya malengo ambayo Kongo inapewa ili ishinde ni kupata dhahabu kwa biashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwepo, hakuna wa kukana. Lakini mwaka wa 1526 mfalme Mvemba a Nzinga alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba watu wake wanakamatwa na kuuzwa, hata watoto wa wakubwa. Mchezo unahesabu dhahabu. Barua haina pointi.

Firaxis yenyewe iliiweka Kongo katika Civilization VI, mwaka wa 2016, chini ya Mvemba a Nzinga huyo huyo. Toleo hilo linadai angalau giga 4 za memori. Civilization IV ilidai megabaiti 256 tu. Kwa mwenye mashine ya zamani, basi, njia ni modi.

Nayo si njia nyepesi. Mchezo ni wa biti 32, na memori unayoweza kuitumia ina kikomo, hata mashine ikiwa na nyingi zaidi. Modi yenye mataifa mengi inakula nafasi hiyo polepole, kisha mchezo unafungika ghafla. Wazoefu wanapunguza ubora wa picha, wanahifadhi mchezo mara kwa mara, na wanaufunga na kuufungua upya kabla haujakwama.

Tena Kongo inatokea karne ya 14. Anayeanzia mwaka wa 3000 kabla ya Kristo atangoje ordinatere imalize kwanza kuendesha Misri, Babeli, China na Roma, zamu baada ya zamu. Kwa mashine dhaifu ni afadhali kuchagua mwanzo wa mwaka wa 600. Hata hapo kusubiri kupo, mpaka Mbanza Kongo itokee kwenye ramani.