Paji la Uso na Kashfa ya Mwaka 1951

Juma lililopita, tukiwa Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, mwenzangu mmoja alisema kwa mzaha kwamba Mwafrika hana kesho kichwani. Tulicheka sote. Nilipofika nyumbani kicheko kile kilinigeukia kuwa fadhaa, maana nilikumbuka kwamba maneno hayo yaliwahi kuandikwa na madaktari, tena kwa jina la sayansi, papa hapa Afrika Mashariki.

Nyuma ya paji la uso pana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyofunikwa na gamba lenye unene wa milimita chache tu. Ukanda wake wa nyuma huamrisha misuli. Upande wa kushoto, kwa watu wengi, lipo eneo la usemi alilolibainisha Paul Broca mwaka 1861, baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan". Mbele zaidi ndipo penye kazi ya kupanga, kulishika jambo akilini huku ukitenda jingine, na kujizuia. Mshairi anayehesabu mizani nane kwa nane huku akikisaka kina analitumikisha eneo hilo.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Neno akili tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni lilelile la neno litajalo kamba ya kufungia mguu wa ngamia. Kumbe akili, tangu asili, ni kile kimzuiacho mtu asikurupuke.

Sasa tuitazame kashfa yenyewe. Mwaka 1932, F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya tiba jijini Nairobi, alichapisha maelezo kuhusu seli za gamba la mbele la Waafrika, na mwaka 1934 akaendelea kudai kwamba bongo zao zilikuwa duni kuliko za Wazungu. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari aliyashika madai hayo na kuyaeneza. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu mwaka 1938. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hulitumia kwa uchache mno eneo la mbele la ubongo, na kumfananisha na Mzungu aliyekatwa nyuzi za eneo hilo kwa upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilikichapisha kitabu chake mwaka 1953. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya Mau Mau: waliodai ardhi wakaelezwa kana kwamba ni wagonjwa. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, aliyapinga mawazo hayo waziwazi mwaka 1961.

Hoja hiyo haikuwa na mguu wa kusimamia. Uzito wa ubongo hubadilika kwa ukubwa wa mwili, umri, lishe na maradhi, wala haupimi hekima ya mtu. Aliyenyimwa shule, ardhi na kauli hapimwi upeo wake kwa ukimya wake mbele ya bwana.

Lakini jibu linalonigusa zaidi lilitoka Tanganyika, bila kukusudiwa kuwa jibu. Mwaka uleule wa 1951, Shaaban Robert alitoa Kusadikika. Humo Karama, mshitakiwa, anasimama barazani na kujitetea kwa hoja alizozipanga hatua kwa hatua, hasira ameifunga, macho yake yapo kwenye nchi ijayo. Kupanga, kujizuia, kuiona kesho: yote aliyonyimwa Mwafrika na daktari yule yamo katika kitabu kimoja chembamba cha Kiswahili.

Wapenzi wa lugha, nadharia ile imekwisha kuzikwa na sayansi yenyewe. Iliyobaki imo vinywani mwetu, katika mizaha. Nitakaporudi Terrat nitamwambia mwenzangu mzaha ule aliutunga nani, na kwa faida ya nani.